Kanisa dogo kwenye pwani ya misikiti

Katikati ya Oktoba 2020 majahazi na madau yalianza kushusha watu Paquitequete. Huo ni mtaa mkongwe wa Pemba, na Pemba hii ni ya Msumbiji, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, si kisiwa chetu cha karafuu. Ni mtaa wa wavuvi na misikiti, nyumba zimebanana hadi karibu na maji. Vyombo vilitoka Quissanga, Macomia na visiwa vya Quirimba, vimesheheni waliokimbia vita: akina mama, watoto, vikongwe, mikeka na masufuria. Vingine vilikuwa vimekaa baharini siku kadhaa, chakula kidogo na maji haba zaidi. Katika majuma machache watu zaidi ya 10,000 walishukia kwenye mchanga ule. Mwishoni mwa mwezi chombo kimoja kilizama kati ya Ibo na Matemo, na makumi ya abiria wakafa maji.

Kabla ya mahema na fomu za usajili, waliowapokea ni wenyeji wa Paquitequete, wengi wao Waislamu na wengi wao hohehahe. Nyumba iliyowatosha kwa shida wenyewe ikawa ya koo mbili tatu. Askofu wa Pemba alishuka ufukweni, Caritas, shirika la misaada la jimbo lake, ikaleta msaada, lakini ilifika kama jirani anayeongeza unga kwenye chungu kilichokwisha injikwa na mwingine.

Naanzia hapo makusudi. Habari za Kanisa la Cabo Delgado zikifika Ulaya na Marekani hugeuka kisa cha Wakristo wanaoteswa na Waislamu. Zikisimuliwa na mashirika ya misaada, Kanisa huwa ghala lenye msalaba juu ya paa, mlango mmoja zaidi wa kupitishia mchele. Wakristo wameteswa kweli, na mchele umepita kweli. Lakini masimulizi yote mawili yanaliruka swali lenye uzito: kanisa la wachache linaifaaje jamii ambayo wengi wake hawasali humo, katika vita ambavyo adui anadai kuvipigana kwa jina la dini ya hao wengi? Kwa jinsi ninavyoyasoma mambo ya miaka hii, lilifaa kwa watu wake wa vijijini na kwa mdomo wake kuliko kwa magunia yake. Na watu hao na mdomo huo ndivyo vilivyokuwa rahisi kupotea.

Kwa sensa za karibuni, zaidi kidogo ya nusu ya wakazi wa mkoa ni Waislamu, na Wakatoliki ni kama theluthi. Hesabu ya mkoa mzima inaficha ramani. Ufuko, kuanzia Palma karibu na mdomo wa Ruvuma hadi Pemba, ni wa Wamwani, watu wa Uislamu wa karne nyingi na wa lugha ambayo Mswahili akiisikia sokoni hugeuka kama aliyeitwa jina lake. Juu ya uwanda wa Mueda na Muidumbe wako Wamakonde, wengi wao Wakatoliki tangu wamisionari wa Montfort walipokuja. Misheni yao ya Nangololo ilifunguliwa 1924. Kusini na bara wako Wamakua, waliogawanyika kati ya msikiti na kanisa, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja.

Ramani hiyo haikuchorwa na imani peke yake. Kwa mkataba wa mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani, na sheria ya misheni iliyofuata 1941, elimu ya Mwafrika katika makoloni iliwekwa mikononi mwa Kanisa Katoliki. Aliyetaka kusoma alipitia misheni. Mtoto wa Kimwani alibaki na chuo chake na herufi zake za Kiarabu, ambazo karani wa Kireno hakuzihesabu kuwa kusoma. Uhuru ulipokuja 1975, waliokuwa na shule na waliokuwa na bunduki za ukombozi walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa uwandani, na baadaye wakawa na pensheni za wapiganaji, ofisi na viwanja. Kinyongo hicho kilipasuka Mocímboa da Praia Septemba 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa meya: wafuasi wa chama cha upinzani, RENAMO, wengi wao Wamwani, walipigana na wafuasi wa chama tawala, FRELIMO, wengi wao Wamakonde, na watu wakauawa. Miaka mitano baadaye ikagunduliwa gesi baharini mbele ya Palma, na kila mwenye kinyongo akawa na jambo kubwa zaidi la kukinyongea.

Kwa hiyo Kanisa halikuingia vitani kama mtu baki. Lilikuwa ndugu wa upande mmoja wa ugomvi wa zamani, hata kama halikupenda. Na undugu wenyewe haukuwa mwepesi hata huko uwandani: tarehe 24 Agosti 1964 padri Mholanzi, Daniel Boormans, aliuawa karibu na Nangololo, mwezi mmoja kabla FRELIMO haijafyatua risasi zake za kwanza kule Chai. Baada ya uhuru FRELIMO hiyohiyo ilitaifisha shule na hospitali za misheni na kulibana Kanisa kwa miaka mingi.

Kubanwa huko kulizaa kitu. Mwaka 1977 Wakatoliki wa Msumbiji walikutana Beira katika mkutano wao wa kwanza wa kichungaji wa taifa, majengo yakiwa yamekwenda na mapadri wakiwa wachache, wakaamua kuwa Kanisa litasimama juu ya jumuiya ndogondogo zinazoongozwa na walei: katekista, mama wa huduma kwa wagonjwa, mwalimu wa sala. Ulikuwa uamuzi wa dhiki. Miaka arobaini baadaye ndio uliolifanya Kanisa la Cabo Delgado liwe na kitu cha kutoa.

Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la vijana lilivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Siku moja kabla, Msumbiji ilitimiza miaka 25 tangu mkataba wa amani wa Roma, uliomaliza vita vya FRELIMO na RENAMO. Wenyeji waliwaita mashababi, ingawa si tawi la wale wa Somalia. Baadaye wakajitangaza kuwa wa kinachojiita Dola ya Kiislamu. Ugomvi wao wa kwanza ulikuwa na misikiti. Mwanahistoria Eric Morier-Genoud amefuatilia mizizi ya harakati hiyo hadi Balama mwaka 2007, ambako kijana aliyerudi kutoka Tanzania alijenga msikiti wake na kuwaita watu wajitenge na dola na masheikh wake. Masheikh waliwapinga, wakawafukuza misikitini, wakapeleka habari serikalini, na kwa miaka mingi hapakuwa na la maana lililofanyika. Sehemu ya mahubiri hayo ilikuja kwa Kiswahili: kanda za Aboud Rogo wa Mombasa, aliyeuawa 2012, zilisikilizwa na huku. Tunaposifu lugha yetu kwa kuvuka mipaka, tuuhesabu na mzigo huo.

Katika miaka ya mwanzo vijiji vingi vilivyochomwa vilikuwa vya pwani, vya Waislamu. Juu ya hayo, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kiliupiga ufuko wa Ibo na Macomia kwa nguvu ambayo haikuwahi kurekodiwa kaskazini mwa nchi. Kisha vita vikapanda uwandani. Tarehe 7 Aprili 2020, Jumanne ya Juma Kuu, katika kijiji cha Xitaxi wilayani Muidumbe, vijana 52 waliuawa kwa kukataa kuandikishwa na wavamizi. Juma hilohilo misheni ya Nangololo ilivamiwa, na mwishoni mwa mwaka ikarudiwa na kuharibiwa. Mnamo Agosti Mocímboa da Praia ilianguka. Masista wawili Wabrazili wa shirika la Mtakatifu Yosefu wa Chambéry walitoweka humo, wakarudi wakiwa hai siku 24 baadaye. Machi 2021 ikafuata Palma, na kampuni ya TotalEnergies ikaondoa watu wake na kuusimamisha mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Mapadri na watawa wa parokia za kaskazini waliondolewa. Nyumba za misheni zikabaki na nyasi. Kufikia mwaka 2022 waliohama makwao walipita milioni moja, katika mkoa ambao sensa ya 2017 iliukuta na watu milioni 2.3.

Hapo ndipo thamani ya jumuiya ndogondogo ilipoonekana. Padri akiondoka kijijini huondoka na gari na simu ya shirika lake. Katekista huondoka kwa miguu, kichwani mzigo, nyuma yake wanakijiji wenzake. Walipofika Metuge, Ancuabe, Chiúre, Montepuez au Corrane mkoani Nampula, walifika na jumuiya yao imekatikakatika lakini bado ni jumuiya. Mtu huyo anajua nani alibaki njiani, ni mtoto gani hana mzazi, mwanamke gani amenyamaza tangu porini. Hakuna ofisa wa usajili kutoka Maputo au Geneva anayeweza kuyajua hayo kwa fomu ya kurasa mbili.

Na wengi wa waliohama hawakukaa kambini. Walikaa kwa ndugu, kwa jamaa wa ndugu, kwa watu waliokutana nao juzi. Mashirika makubwa hupenda kambi kwa sababu kambi inahesabika. Gari linaingia, gunia linashuka, picha inapigwa. Mtu aliyejibanza kwenye chumba cha nyuma huko Pemba hana hema lenye namba. Kumfikia ni lazima umjue anayemjua. Parokia za Pemba zilikuwa na watu wa namna hiyo mtaa kwa mtaa, kama misikiti ilivyokuwa nao, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo ambalo taasisi za dini zililiziba vizuri zaidi ya mtu mwingine yeyote. Si kwamba walikuwa wema zaidi. Walikuwepo tangu jana.

Chakula kilikuwa jambo la maana, lakini tusilikuze. Caritas ya Pemba ilitoa nafaka, mbegu, majembe, vyombo vya nyumbani, na ilijengea baadhi ya familia makazi. Papa Fransisko alituma euro 100,000, zikaelekezwa kwenye vituo viwili vya afya kwa ajili ya waliohama. Ukizigawa euro hizo kwa watu waliokuwa wamehama, kila mtu hapati hata bei ya mkate. Mzigo mkubwa wa kulisha ulikuwa wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, nalo mwaka 2022 lilikata mgao nusu kwa kukosa fedha. Mgao ukikatwa makao ya shirika hilo huko Roma, anayeulizwa kwa nini ni katekista wa Metuge.

Chakula pia kina maovu yake, na yalifika. Orodha za wanaostahili mara nyingi zilipitia kwa viongozi wa mitaa, na mwaka 2021 Kituo cha Uadilifu wa Umma cha Maputo, CIP, kilieleza jinsi wanawake walivyotakiwa kutoa miili yao ili majina yao yaingie. Wengine walitakiwa kutoa pesa. Nisidanganye kuwa kalamu ya katekista ni ya malaika. Mwenye orodha wakati wa njaa ni mfalme, awe amevaa rozari au fulana ya chama. Tofauti ilikuwa kwamba katekista na mama wa jumuiya waliishi chini ya macho ya walewale waliowaandika, na kesho wangesali nao. Hiyo ni kinga ndogo. Mahali pasipo na polisi wa kumwendea wala hakimu wa kumlilia, kinga ndogo si haba.

Kuna kazi nyingine isiyopimika kwa tani. Wafu wengi wa vita hivi hawakuzikwa na ndugu zao, na wengine hawajulikani kama wamekufa. Kwa Mmakonde na Mmakua, kama kwa Mmwani, mtu asiyezikwa hajamaliza kuondoka, na aliyefiwa hajaanza kupona. Jimbo la Pemba liliwafundisha walei na watawa kukaa na watu wenye majeraha ya moyo, kusikiliza kabla ya kushauri, kucheza na watoto wanaochora bunduki. Wataalamu wana jina refu la kazi hiyo. Kwa lugha ya nyumbani ni kukaa matanga ya mtu ambaye maiti yake haipo, na Kanisa, lenye ibada ya wafu na muda wa kukaa, lilikuwa na vifaa vyake tayari. Misikiti nayo ina vyake. Madaktari wa roho katika mkoa mzima walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Sasa nije kwenye mdomo. Dom Luiz Fernando Lisboa, Mbrazili wa shirika la Wapasionisti, aliwekwa kuwa askofu wa Pemba mwaka 2013. Vita vilipoanza serikali ilisema ni wahalifu wachache, mambo yamedhibitiwa, na waandishi wakafungiwa njia. Amade Abubacar, mwandishi wa redio ya jamii ya Macomia, alikamatwa Januari 2019 akihoji waliokimbia vijiji vyao. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka tarehe 7 Aprili 2020, siku ileile ya Xitaxi. Wote wawili Waislamu wa pwani, na hakuna aliyekuwa na Vatikani nyuma yake. Katika ukimya huo askofu akawa chanzo cha habari. Alitaja vijiji. Alitaja idadi ya waliohama kabla wakubwa hawajakubali kuwa wamehama. Alisema wazi kwamba vijana wanachukuliwa na vita kwa sababu hawana ardhi, kazi wala wa kuwasikiliza, na kwamba gesi na rubi zinamnufaisha mwingine.

Kwenye Pasaka ya 2020 Papa aliitaja Cabo Delgado katika salamu zake kwa mji na dunia, na Agosti 19 akampigia askofu simu. Simu ile ilifanya kazi ambayo meli ya mchele isingeweza: ilizuia vita kuendelea kuitwa uhalifu mdogo wa mbali. Magazeti ya nchi za nje yalianza kuuliza Cabo Delgado iko wapi.

Yalikuja na matusi. Wachambuzi walio karibu na serikali walimwita mgeni anayelichafua taifa. Tarehe 11 Februari 2021 Vatikani ilimhamishia Cachoeiro de Itapemirim, Brazili, na kumpa hadhi ya askofu mkuu. Waliompenda wanasema alinusurishwa, kwa kuwa maisha yake yalikuwa hatarini. Wengine wanaona mdomo uliondolewa kwa heshima. Mimi naona tafsiri hizo mbili hazipingani. Mwezi mmoja na siku chache baadaye Palma ikachomwa, na sauti iliyozoeleka haikuwepo Pemba.

Mrithi wake, Dom António Juliasse Ferreira Sandramo, ni Mmsumbiji; alianza kama msimamizi wa jimbo, kisha akateuliwa askofu Machi 2022. Hakuna anayeweza kumwambia arudi kwao. Amesema kwa utulivu zaidi, na amerudia mara kwa mara jambo moja, kwamba dunia imeisahau Cabo Delgado tangu Ukraine na Gaza. Maaskofu wote wa nchi nao walitoa tamko Aprili 2021 wakihusisha vita na vijana waliokatishwa tamaa. Ni maneno mazito. Lakini tamko la baraza husomwa mara moja, na sauti ya mtu mmoja anayehesabu maiti kila juma husumbua kila juma. Hapo Kanisa lilipoteza kitu ambacho halijakirudisha.

Je, mdomo huo uliwasemea na Waislamu? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na ndiyo sababu uliaminika. Lisboa hakukubali vita viitwe vya dini. Masheikh wa Baraza la Kiislamu la Msumbiji, waliokuwa wameonya mapema na kupuuzwa, walisimama naye hadharani, na maaskofu na masheikh wamekuwa wakitoa matamko ya pamoja na kwenda kambini pamoja. Mtu anaweza kucheka kuwa mpiganaji wa msituni hasomi matamko. Hayakuandikwa kwa ajili yake. Yalikuwa ya Mmakonde aliyetua Pemba akiwa na hasira, akipangiwa kulala kwenye nyumba ya mtu mwenye kofia na ndevu. Na ya yule mwenye kofia, ambaye askari kizuizini humtazama mara mbili. Mkoa wenye kumbukumbu ya 2005, uliojaa watu waliochinjiwa ndugu, ungeweza kuwaka nyumba kwa nyumba, jirani kwa jirani. Haukuwaka hivyo. Sehemu ya sababu ni hao viongozi, na sehemu kubwa zaidi, naamini, ni vile vyungu vya Paquitequete.

Wakatoliki hawakuwa peke yao. Huduma ya Kipentekoste ya Arco-Íris, iliyoanzishwa na Heidi Baker na mumewe na yenye makao Pemba, imelisha watu wengi, ikiwa na fedha za Marekani na mahubiri ya wazi ya kuongoa, jambo ambalo kwenye pwani ya Kiislamu lina faida zake na vumbi lake. Waanglikana ni wachache. Askofu wao wa Nampula, Manuel Ernesto, ameihangaikia Cabo Delgado kwa mkoba mdogo sana, na Novemba 2022 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alifika Pemba. Ziara kama hizo huleta kamera kwa siku mbili.

Mara nyingi watu huuliza kwa nini Kanisa halipatanishi, kama lilivyofanya zamani. Ni swali la haki. Mkataba wa Roma wa 4 Oktoba 1992 ulipatikana kwa jasho la jumuiya ya Sant'Egidio na Dom Jaime Gonçalves, askofu mkuu wa Beira, aliyewafuata RENAMO hadi msituni kwa sababu alikuwa Mndau kama kiongozi wao, Dhlakama, na aliweza kuzungumza naye kwa lugha ya kwao. Baadaye Dinis Sengulane, askofu wa Kianglikana wa Lebombo, aliongoza mradi wa kubadilisha bunduki kwa majembe na baiskeli, na chuma cha silaha kikafanywa sanamu. Kaskazini mwa Uganda, viongozi wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, waliunda umoja wao mwishoni mwa miaka ya 1990. Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walilala nje mjini Gulu usiku kadhaa pamoja na watoto waliokimbia kutekwa.

Lakini Dhlakama alikuwa na jina, kambi na madai. Kony, ambaye waasi wake ndio waliokuwa wakiwateka watoto wa Gulu, naye, pamoja na uchawi wake wote, alikuwa na namba ya simu. Mashababi wa Cabo Delgado hawakutoa madai ya kujadiliwa, na viongozi wao wamejulikana kwa tetesi na kwa orodha za vikwazo za Marekani. Serikali nayo ilichagua bunduki: kwanza mamluki wa Urusi na Afrika Kusini, kisha jeshi la Rwanda na kikosi cha SADC kuanzia Julai 2021. Askofu asiye na wa kumfuata msituni anabaki na wale walio upande huu wa msitu, na kazi yake ni kuzuia idadi ya wanaovuka isiongezeke. Wako watu wa Kanisa wanaosema mlango wa mazungumzo upo, kwa kupitia mama za wapiganaji, maana wengi ni vijana wa Mocímboa, Mucojo na Quissanga ambao mama zao wanajulikana. Sijaona serikali ikilichukua wazo hilo kwa uzito unaolistahili.

Kuna upande unaotuhusu sisi wa kaskazini ya Ruvuma, nao hautupendezi. Katika vita vya ukombozi Wamakonde wa Msumbiji walivuka mto kwa maelfu, wakapokelewa Rutamba, Lindi, na vijijini Newala na Mtwara, kwa ndugu zao na kwa misheni. Safari hii mto ulikuwa na lango. Baada ya mashababi kuvamia Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020, Tanzania ilifunga mpaka, na katika nusu ya kwanza ya 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilihesabu watu zaidi ya 9,600 waliorudishwa Msumbiji kwa nguvu kupitia Negomano. Woga wa serikali unaeleweka. Kanisa letu la kusini, lenye wazee wanaokumbuka Rutamba, halikupaza sauti ya kusikika, na misikiti yetu pia.

Tangu Agosti 2021, majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoirudisha Mocímboa da Praia, watu zaidi ya nusu milioni wamerejea makwao. Wengi walirudi kabla ya Kanisa, na kabla ya hospitali. Hii ni awamu ngumu kwa namna yake. Huruma ya dunia humfuata anayekimbia. Anayerudi kwenye kuta zilizoungua na mashamba yenye magugu ya miaka mitatu hana kamera. Mapadri wamekuwa wakirejea kwa zamu, wakisali chini ya miembe, wakianza upya ibada Mocímboa, Palma na Muidumbe. Misaada ya Marekani ilipokatwa ghafla mwanzoni mwa 2025, na kimbunga Chido kikiwa kimekwisha kuvunja Mecúfi tarehe 15 Desemba 2024, mafungu mengi yalikauka. Mnamo Novemba 2025 TotalEnergies ilitangaza kuwa iko tayari kuurudia mradi wake wa gesi wa Afungi.

Na vita vimehamia kusini. Februari 2024 wavamizi waliingia wilaya ya Chiúre, wakachoma makanisa, likiwemo la Mazeze, na makumi ya maelfu wakavuka mto Lúrio hadi Namapa, mkoani Nampula, wakalala kwenye madarasa ya shule. Julai 2025 Chiúre ikavamiwa tena, na watu zaidi ya 42,000 wakakimbia ndani ya siku nane. Chiúre ndiyo iliyokuwa ikiwapokea wenzao wa Macomia na Quissanga tangu 2020; ndiko jumuiya ndogondogo zilikokuwa zimepanga zamu za kuwapikia wageni. Kule Namapa waliofika na mikeka kichwani walikuwa wenyeji wa jana pamoja na wageni wao, na mbele yao wenyeji wapya walikuwa wakihamisha madawati ili wapate pa kutandika.